Kupima Fuvu la Kondoo kwa Picha za Kompyuta: Kazi ya Mashine na Kazi ya Maneno

Huenda msomaji wa jarida hili akashangaa kukuta fuvu la kondoo mahali alipozoea kukuta ngeli, ushairi na mbinu za kufundishia. Hata hivyo, yeyote aliyepitia somo la fonetiki ameshajifunza sehemu ya ramani ya fuvu bila kujua. Kaakaa gumu, ufizi, taya na tundu la pua ni majina tunayoyachora ubaoni kila muhula wa kwanza tunapoeleza mahali pa kutamkia konsonanti. Tofauti yetu na wenzetu wa tiba ya mifugo ni kwamba sisi huishia kuyataja majina hayo, ilhali wao hulazimika kupima umbali kati ya sehemu moja na nyingine, na kisha kumwambia mtu aliye mbali alipima kutoka wapi hadi wapi. Hapo kwenye kumwambia mtu ndipo kazi yao inapogeuka kuwa yetu.

Jambo hili si la nadharia tupu. Katiba ya Uganda iliporekebishwa mwaka 2005 ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kianze kutumika hivyo na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Wanafunzi tunaowafunza tafsiri watakutana na miongozo ya maabara, vitabu vya mifugo na maelezo ya programu za kompyuta kabla hawajakutana na riwaya ya kutafsiri. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi fuvu la kondoo linavyopimwa siku hizi kwa picha za kompyuta, na kuonyesha ni wapi katika kazi hiyo neno likiwa legelege kipimo nacho hulegea.

Kwa nini watu wapime kichwa cha kondoo?

Sababu ya kwanza ni ganzi. Daktari wa mifugo anayetaka kung'oa jino la kondoo au kushona mdomo uliochanika humdunga dawa ya ganzi karibu na neva inayohudumia sehemu hiyo. Neva ya mdomo wa juu hutokeza usoni kupitia kitundu kidogo kilicho chini ya jicho, juu ya magego ya mbele. Mnyama akiwa hai kitundu hicho kimefunikwa na ngozi na nyama. Daktari hukitafuta kwa kupapasa, na kwa kujua umbali wake kutoka kwenye alama anayoweza kuigusa kwa kidole, kwa mfano kinundu kilicho ubavuni mwa taya la juu. Ndiyo maana tafiti nyingi za mafuvu ya kondoo na mbuzi, zikiwemo za Nigeria, India na Uturuki, huwa na jedwali la umbali wa namna hii. Umbali ukiandikwa vibaya, dawa huingia kwenye msuli na mnyama huhisi kila kitu anachofanyiwa.

Sababu ya pili inawahusu wanaakiolojia. Mifupa ya kondoo na ya mbuzi hufanana mno, kiasi kwamba katika ripoti nyingi za uchimbaji huwekwa katika kapu moja. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa Kijerumani Joachim Boessneck alieleza kwa kina alama za kuwatenganisha. Mojawapo iko kwenye fuvu: kondoo ana kishimo mbele ya tundu la jicho, mahali panapokaa tezi, na mbuzi hana. Kwa Afrika Mashariki, ambako mifugo ilikwisha kufika eneo la Ziwa Turkana zaidi ya miaka 4000 iliyopita, kujua kama mfupa ni wa kondoo au wa mbuzi ni kujua wafugaji wa kale walikuwa na mnyama gani zizini.

Sababu ya tatu ni mbegu za asili. Kondoo mwekundu wa Kimaasai, anayefugwa Kenya, Tanzania na sehemu za Uganda, anasifika kwa kustahimili minyoo ya tumbo inayowamaliza kondoo wengine. Kwa miongo kadhaa amekuwa akichanganywa na Dorper, kondoo mkubwa wa nyama aliyezalishwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930. Uchanganyaji ukiendelea bila kumbukumbu, itafika siku hakuna anayeweza kusema kondoo wa awali alikuwa na umbo gani. Uturuki wamekuwa wakifanya kazi hii mbegu kwa mbegu. Mwaka 2010, kwa mfano, watafiti wa Kars, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, walichapisha ulinganisho wa mafuvu ya kondoo aina ya Tuj na Morkaraman.

Yapo na mengine, kama vile madaktari wa binadamu wanaojifunzia upasuaji wa pua kwenye vichwa vya kondoo, lakini hayo matatu yanatosha.

Kutoka kivuli hadi silesi

Njia ya zamani ya kupima ni kalipa, kile kifaa cha chuma chenye meno mawili ya kubania kitu na kipimo pembeni. Kalipa haijafa na haitakufa leo. Ni rahisi, haihitaji umeme, na kwa umbali mfupi ni sahihi sana. Udhaifu wake ni kwamba haifiki ndani. Huwezi kupima nafasi ya ubongo kwa kalipa bila kulipasua fuvu, na ukishalipasua, mtu mwingine hawezi kurudia kipimo chako. Isitoshe, ili uitumie lazima kichwa kichemshwe na kuondolewa nyama. Mnyama akiwa mchanga, mishono ya mifupa bado haijashikana. Ukichemsha kupita kiasi mifupa ya pua huachia na kuelea sufuriani. Ukiirudisha kwa gundi, urefu unaopima ni wa gundi pia.

Eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, ilituwezesha kuona mfupa bila kuondoa nyama. Lakini picha ya eksirei ni kivuli, na kivuli ni bapa. Tuseme tunataka umbali kati ya nukta mbili za fuvu ambazo zimetofautiana milimita 30 kwa upande, milimita 40 kwa kimo, na milimita 120 kutoka mbele kwenda nyuma. Umbali wa kweli, kwa kanuni ileile ya Pithagoras ya shule ya sekondari, ni milimita 130. Anayepima kwenye picha iliyopigwa kutoka mbele huona 30 na 40 tu, naye hupata milimita 50. Hajakosea hesabu, wala rula yake haina kasoro. Picha ndiyo iliyomficha kipande kirefu kuliko vyote. Kasoro hiyohiyo imo katika picha ya kawaida ya kamera, na ndiyo maana haitoshi kuweka rula kando ya fuvu na kupiga picha. Rula ikiwa mezani na pua ikiwa juu ya meza kwa sentimita kumi, vitu hivyo viwili haviko katika kipimo kimoja.

Mabadiliko makubwa yalikuja na tomografia ya kompyuta, ambayo hospitalini huitwa siti skani. Mhandisi Mwingereza Godfrey Hounsfield aliiunda, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha kwa mashine hiyo London mwaka 1971. Hesabu zilizo nyuma yake zilikuwa zimetangulia kuandikwa na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, na mwaka 1979 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobeli ya tiba. Wazo lenyewe si gumu. Badala ya kupiga eksirei mara moja kutoka upande mmoja, mashine huzunguka kichwa na kupima miale inayopenya kutoka pande nyingi. Kompyuta hukusanya vipimo hivyo na kukokotoa ni nini kilichomo katika kila sehemu ya tabaka moja. Kisha husogea kidogo na kufanya tabaka jingine. Mwishoni tunapata kichwa kilichokatwa kama mkate wa silesi bila kisu kugusa chochote. Silesi zikiwa na unene wa milimita 0.6, kichwa chenye urefu wa milimita 250 hutoa zaidi ya silesi 400.

Kila silesi ni gridi ya miraba midogo iitwayo pikseli. Pikseli ikipewa unene wa silesi inakuwa kibofu cha mraba, mfano wa kete ya ludo, na jina lake ni vokseli. Kila vokseli ina namba. Katika kipimo kinachobeba jina la Hounsfield, maji ni 0, hewa ni -1000, na mfupa huanzia mamia kadhaa hadi kupita 1000. Kwa hiyo kompyuta haioni mfupa, inaona namba. Mtu ndiye anayeiambia kwamba kila vokseli inayozidi namba fulani ihesabiwe kuwa mfupa. Namba hiyo huitwa kizingiti.

Ningependa tukae kidogo kwenye kizingiti, kwa sababu ndicho kinachosahaulika zaidi. Vokseli iliyo mpakani, nusu mfupa na nusu hewa, hupata namba ya katikati. Kizingiti kikiwa chini, vokseli hiyo inaingizwa katika mfupa na fuvu linanenepa. Kikiwa juu, inatupwa nje na fuvu linakonda. Mifupa myembamba ya ndani ya pua ya kondoo, ambayo imejikunja kama karatasi, inaweza kupotea yote na kuacha matundu ambayo kondoo hakuwa nayo. Watu wawili wakitumia kichwa kimoja, mashine moja na programu moja, lakini vizingiti viwili, watapata mafuvu mawili. Ripoti isiyotaja kizingiti chake ni sawa na mwalimu anayetangaza kwamba wanafunzi 40 wamefaulu bila kusema alama ya kufaulia ilikuwa ngapi.

Kizingiti kikishawekwa, programu huunda uso wa fuvu kwa kuunganisha pembetatu ndogondogo maelfu kwa maelfu. Njia maarufu ya kufanya hivyo ilichapishwa mwaka 1987 na William Lorensen na Harvey Cline, waliokuwa watafiti wa kampuni ya General Electric. Matokeo yake ndiyo tunayoyaita modeli: fuvu linaloweza kuzungushwa kwenye kioo cha kompyuta, kutazamwa kutoka chini, kukatwa katikati na kuunganishwa tena. Zipo programu za bure za kazi hii, na 3D Slicer ni mojawapo inayotumika sana. Chuo kisichokuwa na siti skani kinaweza kupata modeli ya uso wa nje kwa kupiga picha nyingi za kamera, hata ya simu, kulizunguka fuvu, kisha programu ikazioanisha. Ila hapo lazima kitu chenye urefu unaojulikana kionekane kwenye picha, la sivyo kompyuta itatoa fuvu zuri lisilo na ukubwa wowote.

Kutoka wapi hadi wapi?

Baada ya mashine kumaliza kazi yake yote hiyo, bado hatujapima kitu. Modeli haijui kisogo kiko wapi. Mtu hukaa mbele ya kompyuta na kuweka nukta mojamoja juu ya fuvu, na umbali ukakokotolewa kati ya nukta hizo. Usahihi wote wa mashine unategemea mtu huyo anaelewa nini anapoambiwa “weka nukta hapa”.

Katika darasa langu la tafsiri niliwahi kugawa wanafunzi katika makundi matatu na kuwapa fuvu moja la kondoo, lililotoka kwa muuza nyama na kuchemshwa vizuri, pamoja na maagizo ya maneno manne: pimeni urefu wa fuvu. Sikuongeza neno, kwa makusudi. Kundi la kwanza lilipima kutoka ncha ya mbele ya taya la juu hadi sehemu ya nyuma kabisa ya kisogo, juu. Kundi la pili lilishia kwenye vifundo viwili vinavyokalia mfupa wa kwanza wa shingo. La tatu, ambalo lilikuwa na binti mmoja wa mchinjaji, liligeuza fuvu juu chini na kuishia kwenye ukingo wa tundu kubwa ambamo neva kuu ya mgongo hupita. Matokeo yalitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja. Mabishano yalikuwa makali, na kila kundi lilikuwa na haki.

Lilikuwa na haki kwa sababu vipimo vyote vitatu vipo katika vitabu, na kila kimoja kina jina lake. Mwaka 1976 Angela von den Driesch alichapisha mwongozo wa kupima mifupa ya wanyama inayopatikana katika machimbo ya kiakiolojia, na hadi leo ndio unaotajwa na karibu kila anayepima fuvu la kondoo. Nguvu ya mwongozo huo haiko kwenye hesabu. Iko kwenye maelezo: kila nukta imepewa jina la Kilatini au Kigiriki na sentensi moja inayosema ipo wapi. Ncha ya mbele ya taya la juu, kwenye mstari wa kati, ina jina. Nukta ya nyuma kabisa ya utosi, kwenye mstari wa kati, ina jina. Ukingo wa chini wa lile tundu kubwa, kwenye mstari wa kati, una jina. “Urefu” peke yake hauna maana. Wenye maana ni urefu kutoka nukta fulani hadi nukta fulani.

Nukta zenyewe hazilingani kwa uimara. Mtaalamu wa Kimarekani Fred Bookstein alizigawa mwaka 1991 katika aina tatu, na mgawanyo wake unawafaa walimu wa lugha pia. Aina ya kwanza ni mahali ambapo vitu viwili au vitatu hukutana, kama vile pale mishono ya mifupa ya pua inapogusana na mfupa wa paji la uso. Hapo hapana ubishi. Ama mishono imekutana au haijakutana. Aina ya pili ni ncha au mpindo, kama vile ncha ya kinundu. Hapo watu hutofautiana kidogo. Aina ya tatu ni ile inayofafanuliwa kwa neno kama “kabisa”: mahali panapotokeza nje kabisa, mahali palipo nyuma kabisa. Nukta ya aina hii haina alama yoyote kwenye mfupa. Ipo tu kwa sababu tumesema upande upi ni nje na upi ni nyuma, na fuvu likiinamishwa kidogo nukta inahama.

Kwa sababu hiyo watafiti makini huweka nukta zilezile mara mbili au tatu kwa siku tofauti, na humwomba mtu mwingine afanye vivyo hivyo. Tofauti kati ya mtu na nafsi yake, na kati ya mtu na mwenzake, huandikwa kwenye ripoti. Ikiwa tofauti kati ya wapimaji wawili ni kubwa kuliko tofauti kati ya mbegu mbili za kondoo, hakuna kilichogunduliwa kuhusu kondoo.

Nukta zikishawekwa, kuna njia mbili za kuendelea. Ya kwanza ni kuhesabu umbali mmojammoja. Ya pili ni kulinganisha nukta zote kwa pamoja, na jina lake limetokana na Procrustes wa hadithi za Kigiriki, mwenyeji aliyewanyoosha au kuwakata wageni wake miguu ili walingane na kitanda. Programu husogeza mafuvu yote yawe na kitovu kimoja, huyapanua au kuyapunguza yawe na ukubwa mmoja, na huyazungusha hadi nukta zao zikaribiane kadiri inavyowezekana. Ukubwa hautupwi, huwekwa kando kama namba moja inayojitegemea. Kinachobaki kati ya fuvu na fuvu ndicho kinachoitwa tofauti ya umbo. Hivyo mtafiti anaweza kuuliza kama kondoo dume ana pua iliyobinuka zaidi kuliko jike kwa sababu ni dume, au kwa sababu tu ni mkubwa.

Maneno yetu yanapoingia maabara

Sasa tazama neno hilo umbo. Katika mazungumzo ya kila siku tunasema fulani ana umbo kubwa, na hakuna anayetusahihisha. Katika taaluma hii, kwa ufafanuzi wa mwanatakwimu Mwingereza David Kendall, umbo ni kile kinachosalia baada ya kuondoa mahali, ukubwa na mwelekeo. “Umbo kubwa” basi ni kinyume cha maneno. Mfasiri asiyelijua hili ataandika sentensi fasaha kabisa ya Kiswahili itakayosema jambo ambalo mwandishi hakusema. Sipendekezi tutafute neno jingine. Umbo linafaa, linachohitaji ni kufafanuliwa mara ya kwanza linapotumika, kama walivyolifafanua wenyewe shape yao kwa Kiingereza, neno ambalo nalo mtaani lina ulegevu uleule.

Neno pembe lina shida ya aina nyingine. Kwetu pembe ni ile anayoota kondoo kichwani, na pembe ni ile inayopimwa kwa digrii. Ripoti ya fuvu la kondoo dume inahitaji zote mbili katika sentensi moja: pembe ya pembe kwa paji la uso. Wanafunzi walicheka, lakini hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Tulikubaliana kwamba tukipima digrii tutasema “mwinamo wa pembe”, na tukizungumzia mfupa wa ndani uliobaki baada ya ganda la pembe kuchomolewa tutasema “kiini cha pembe”. Utenganisho huo wa mwisho ni muhimu, kwani ganda huoza au huondolewa na kinachopimwa kwenye machimbo karibu siku zote ni kiini.

Halafu kuna mbele na nyuma. Mwandishi aliyezoea vitabu vya tiba ya binadamu huandika “mbele” akimaanisha upande wa uso na kifua, na “juu” akimaanisha upande wa utosi. Binadamu husimama wima. Kondoo husimama kwa miguu minne, na mbele yake ni pua. Neno lilelile likihamishwa kutoka kitabu cha binadamu hadi cha mifugo linageuka robo duara. Lugha ya kitaalamu ya Kilatini ilikwisha kulitatua hili kwa kutaja sehemu za mwili badala ya pande za dunia, nasi tunaweza kufanya hivyo bila kukopa chochote: kuelekea pua, kuelekea kisogo, kuelekea utosi, kuelekea taya la chini. Kushoto na kulia navyo vina mtego. Programu nyingi za picha za hospitali huonyesha upande wa kushoto wa mgonjwa kulia mwa kioo, kana kwamba daktari anamtazama kutoka miguuni. Mwongozo wa Kiswahili usiosema “kushoto kwa kondoo mwenyewe” utazaa jedwali lililopinduka.

Na kaakaa tuliloanza nalo? Mwalimu wa fonetiki huligawa paa la kinywa: ufizi kwanza, nyuma yake kaakaa gumu, kisha kaakaa laini. Mpimaji wa fuvu hana ufizi, kwa kuwa ufizi ni nyama na nyama haipo. Kaakaa lake la mfupa linaanzia ncha ya mbele ya taya la juu, likijumuisha sehemu ambayo sisi tunaiita ya ufizi. Kwa kondoo utata unazidi, maana taya lake la juu halina meno ya mbele. Badala yake lina ufizi mgumu ambao meno manane ya mbele ya taya la chini hubania majani. Mwanafunzi wetu akiambiwa apime kaakaa gumu la kondoo kwa ujuzi wa fonetiki, ataanza nyuma ya mahali anapotakiwa kuanza. Nimependekeza kwa wanafunzi waseme “kaakaa la mfupa” wanapopima, na waache “kaakaa gumu” kwa somo la matamshi.

Maneno mengine hayana tatizo. Fuvu limekwisha kukaa vizuri, na wanafunzi wetu wengi walilikuta kwanza katika Biblia kwenye habari za Golgotha. Pwani wana pia bupuru, neno zuri, lakini kulifufua kwa ajili ya maabara itakuwa kujitafutia kazi. Mshono unatumika kwa nguo, kwa kidonda na kwa mifupa, na muktadha hutenganisha bila jasho. Nukta ni alama ya kumalizia sentensi na pia ni doa lisilo na upana. Hakuna msomaji atakayechanganya hizo mbili. Sioni haja ya kubuni istilahi mpya pale la zamani linapofanya kazi, na nadhani miaka mingi imepotea tukibishana kuhusu tarakilishi, ngamizi na kompyuta wakati ufafanuzi wa vitu vyenyewe ukisubiri.

Kwa hiyo zoezi la darasa lile halikuishia kwenye orodha ya istilahi. Kila kundi liliandika, kwa kila nukta, sentensi moja ya Kiswahili inayosema ilipo, inapimwaje na inatazamwa kutoka upande gani. Kisha karatasi zilibadilishwa, na kundi jingine likaweka nukta kwa kufuata sentensi hiyo tu, bila kuruhusiwa kuuliza. Sentensi iliyowapeleka wasomaji wake wote mahali pamoja ilibaki. Iliyowatawanya iliandikwa upya. Ile ya ncha ya mbele ya taya la juu ilipita mara ya kwanza. Ile ya kisogo ilirudi mara nne, hadi mtu mmoja alipofikiri kuandika kwamba fuvu kwanza likalishwe juu ya meno yake kwenye meza tambarare, ndipo nukta ya nyuma kabisa itafutwe.

Taya la chini limebaki kwa muhula ujao. Kitundu kilicho ubavuni mwake, nyuma ya meno ya mbele, ndicho kinachopitisha neva ya mdomo wa chini, na wanafunzi wawili wameshaanza kubishana kama “nyuma ya meno” ni upande wa ulimi au upande wa koo.